Spana Namba Kumi

Chombo kinachorefusha mguu hakikai hospitalini. Kinakaa nyumbani, pengine juu ya kabati la vyombo, pengine kimefungwa kwenye pindo la leso ya nyanya, na fundi yeyote wa boda boda angekitambua mara moja: ni spana namba kumi. Daktari amekwisha kufanya yake, amefunga kidonda na kuandika tarehe ya kliniki. Kuanzia hapo kazi inahamia kijijini. Fremu iliyozunguka muundi wa mtoto ina fito nne za chuma zenye hesi, na kila ufito una nati zake. Nati zikizungushwa mzunguko mmoja kamili, pete mbili za fremu huachana kwa milimita moja. Lakini hazizungushwi mzunguko kamili kwa mkupuo. Huzungushwa robo, mara nne kwa siku: alfajiri, saa sita mchana, jioni, na kabla ya kulala. Kila mara ni robo milimita. Hata mwenye macho makali hawezi kuona kilichobadilika.

Watu wengi wakisikia upasuaji wa kurefusha mfupa huwaza kisu. Kisu kina saa chache tu katika kazi ya miezi mingi. Ufundi huu umegawanywa kati ya daktari wa mifupa, nesi, mtaalamu wa mazoezi ya viungo na yule mtu wa nyumbani mwenye spana, na daktari anayemsahau huyo wa mwisho, hata awe na mikono ya dhahabu, bado hajaujua ufundi wenyewe.

Kwa mtu wa kaunti za Kitui au Makueni, nchini Kenya, fremu hii kwa kawaida huja baada ya safari. Watoto wenye ulemavu wa miguu wamekuwa wakipelekwa Kijabe, ambako mwaka 1998 ilifunguliwa hospitali ya kwanza kabisa ya shirika la CURE, jirani na ile ya AIC. Wengine huenda hospitali za Kikuyu au Kenyatta. Kutoka Mutomo hadi Kijabe ni kama kilomita 300, na mtoto mwenye mguu mfupi huzimaliza kilomita hizo akiwa kwenye matatu mbili au tatu, magongo yamewekwa chini ya viti. Makueni ilianzisha mpango wake wa matibabu, MakueniCare, mwaka 2016, shilingi 500 kwa kila kaya kwa mwaka, lakini mpango ule ulihusu hospitali za kaunti yenyewe. Nje ya mpaka, mtu alirudi kwenye harambee.

Mguu mmoja hauachwi nyuma na mwenzake bila sababu, na sababu inayoniumiza zaidi ni ile inayoanza kama homa ya kawaida. Mtoto anaamka analia, hataki kukanyaga, goti limevimba kidogo. Homa hudhaniwa kwanza kuwa malaria, naye hupewa dawa za malaria. Kumbe bakteria, mara nyingi stafilokokasi, wamepita kwenye damu wakatulia mwisho wa mfupa, karibu na gegedu la ukuaji. Usaha unajikusanya chini ya utando wa mfupa, njia za damu zinazibwa, na kipande cha mfupa kinakufa ndani ya mguu ulio hai. Miezi baadaye tundu linafunguka kwenye ngozi, linatoa usaha, linaziba, linafunguka tena. Mama hupata kibanzi cheupe kwenye bandeji na asijue kwamba ni mfupa wa mwanawe. Gegedu likiharibika, mguu ule hukoma kukua hapo, huku wa pili ukiendelea na safari yake.

Kisha kuna barabara. Barabara kuu ya Mombasa inaikata Makueni kutoka Sultan Hamud, Emali, Makindu, Kibwezi hadi Mtito Andei, na malori hayalali. Pikipiki nayo huvunja muundi vibaya, kwa kuwa mbele ya muundi hakuna nyama ya kuukinga. Mfupa hutoka nje, huingia mchanga, na vipande vingine huachwa pale pale kwenye lami. Paja lililovunjika, miaka yote ambayo dawa yake ilikuwa kulazwa kwa wiki nyingi mguu ukivutwa kwa uzani, liliweza kuungana vipande vikiwa vimepandiana, na mtu akaondoka akiwa amepona kwa sentimita tatu pungufu. Hapa sifa nyingine inastahili kutolewa, ingawa si ya kurefusha: chuma cha SIGN, kilichobuniwa na kundi la daktari Lewis Zirkle wa Richland, Marekani, lililoanzishwa mwaka 1999, huingizwa ndani ya mfupa na kukazwa kwa skrubu bila kuhitaji mashine ya eksirei chumbani. Hospitali nyingi za Kenya zimekitumia. Kila paja lililonyooshwa hivyo mapema ni fremu moja ambayo haitahitajika.

Nao waunga mifupa wa vijijini? Wanaowadharau hawajawahi kuvunjika wakiwa mbali na gari. Mfupa uliovunjika bila kutoboa ngozi wengi wao huulaza vizuri. Hatari iko kwenye kufunga. Vijiti vikikazwa kupita kiasi juu ya mguu unaovimba, damu hukatika, na hapo hatuzungumzii tena urefu wa mguu bali kama mguu utabaki.

Ufundi wa kuurefusha ulijaribiwa mapema. Alessandro Codivilla wa Bologna aliandika habari zake mwaka 1905; alikata mfupa na kuuvuta kwa nguvu, na nguvu ndiyo iliyomponza, kwa sababu mishipa ya fahamu na ngozi havikubali kuvutwa hivyo. Aliyepata jibu alikuwa mbali na vyuo vikubwa. Gavriil Ilizarov alizaliwa mwaka 1921, akakulia Qusar, milimani Azerbaijan, katika familia maskini, na mwaka 1944 akapelekwa kuwa daktari wa kijiji cha Dolgovka, jimbo la Kurgan, Siberia ya magharibi. Alikuwa na wagonjwa wa kila aina na vifaa vichache. Baadaye wakaja wanajeshi waliotoka vitani na mifupa iliyokataa kuunga. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikuwa ameunda fremu yake ya pete na nyaya zilizokazwa. Husimuliwa kwamba alikusudia kuikandamiza mifupa ishikane, hadi mgonjwa mmoja alipozungusha nati upande usio wake, akaiachanisha. Eksirei ikaonyesha mfupa mpya ndani ya pengo. Iwe ilikuwa hivyo hasa au imepambwa na wasimulizi, alichokifanya baadaye hakikuwa bahati: alitumia miaka mingi akipima ni kasi gani mfupa unaikubali, na jibu lake, milimita moja kwa siku ikigawanywa mara nne, ndilo linalofuatwa hadi leo.

Moscow haikumwamini haraka. Valery Brumel, bingwa wa Olimpiki wa kuruka juu mwaka 1964, aliusaga mguu wake katika ajali ya pikipiki mwaka 1965, akapasuliwa mara nyingi bila kupona, hadi alipokwenda Kurgan. Aliruka tena zaidi ya mita mbili. Nchi za Magharibi zilisubiri hadi 1980, Carlo Mauri, mpanda milima wa Italia aliyechechemea kwa miaka, alipokwenda Kurgan na kurudi kwao akitembea vizuri; madaktari wa Italia walimwalika Ilizarov mwaka uliofuata. Napenda kwamba kazi hii ilizaliwa mahali ambapo daktari hakuwa na cha kuagiza kutoka nje. Ndiyo maana inaweza kuishi mahali pa namna hiyo.

Sasa tuingie chumba cha upasuaji, tutazame waya mmoja tu. Unene wake ni milimita 1.8 kwa mtu mzima, 1.5 kwa mtoto. Daktari hauanzi kwa mashine. Anausukuma kwa mkono kupitia ngozi na nyama mpaka ncha iguse mfupa na ahisi ule ugumu, ndipo drili ianze, taratibu, ikipumzishwa kila baada ya muda mfupi, huku msaidizi ameushika waya kwa shashi iliyoloweshwa spiriti ili usipate moto. Waya wenye moto huua mfupa unaouzunguka. Mfupa ukifa, waya hulegea. Ukilegea, usaha huja. Ncha ikishatokeza upande wa pili wa mfupa, drili huzimwa, na safari iliyobaki waya huimaliza kwa kugongwa nyundo, kwa sababu waya unaozunguka ukikutana na mshipa wa fahamu huusokota.

Wakati wote huo mtu mwingine ana kazi inayoonekana ya kitoto: anaushika wayo wa mgonjwa na kuupeleka chini na juu. Waya unapopita kwenye misuli ya mbele ya muundi, wayo huelekezwa chini. Unapotokea kwenye misuli ya nyuma, wayo hupandishwa. Kila msuli unatobolewa ukiwa umenyooka wote, ili kesho mgonjwa akikunja kifundo usikutwe umepigiliwa ukiwa mfupi. Halafu waya hufungwa kwenye pete. Waya usipoikuta pete sawasawa, mwanafunzi atataka kuupinda kidogo ufike. Hapo mwalimu humzuia mkono. Pete ndiyo inayoufuata waya: zinawekwa washa, moja, mbili, tatu, mpaka nafasi ijae, kwa sababu waya uliopindwa utaukata mfupa na ngozi siku zote za kukaa kwake. Mwisho hukazwa kwa kifaa maalum hadi kama kilo 130. Ukiudonoa kwa kidole, unalia.

Kukata mfupa kunafanyika chini kidogo ya goti, pale ulipo mpana na wenye damu nyingi. Ngozi hufunguliwa sentimita moja au mbili. Utando wa mfupa hupasuliwa kwa urefu wake na kusogezwa pembeni bila kuchanwa, maana ndio utakaozaa mfupa mpya. Hutobolewa matundu machache, kisha patasi nyembamba hupigwa kutoka tundu hadi tundu. Msumeno wa umeme hautakiwi, kwa ajili ya moto ule ule. Upande wa nyuma daktari hauoni kabisa, anasikiliza. Mlio wa patasi hubadilika inapomaliza ganda gumu, na nyundo husimama papo hapo. Pete za juu na chini hushikwa na kuzungushwa kinyume mpaka mfupa ukubali, kisha hurudishwa zilipokuwa, ncha zikigusana. Mfupa mwembamba wa pembeni nao hukatwa. Kisha, kwa siku tano hadi saba, hakuna anayegusa kitu.

Siku hizo za kukaa kimya humsumbua mgonjwa kuliko upasuaji, naye huuliza kwa nini asianze kuvutwa. Mtu wa Kitui anaweza kuelezwa kwa mabwawa ya mchanga, yale makingio ya mawe na saruji ambayo wanavijiji na shirika la SASOL wamejenga kwa mamia kwenye mito ya msimu tangu miaka ya 1990. Ukuta ukipandishwa juu mno kwa pupa kabla mafuriko hayajaleta mchanga wake, kinachoweza kutuama nyuma yake ni tope laini lisilotoa maji. Pengo la mfupa nalo lina kasi yake. Likifunguliwa haraka, hubaki tupu au hujaa nyama ya kovu. Likifunguliwa polepole mno, mfupa huungana kabla ya wakati, na mgonjwa hurudishwa mezani kukatwa upya. Kasi ikiwa sawa, nyuzi laini hujipanga kuufuata mvuto, mishipa midogo ya damu huingia kati yake, na mfupa huota kutoka ncha zote mbili kuelekea katikati. Baada ya wiki chache eksirei huonyesha michirizi hafifu ya wima yenye utepe mweusi katikati. Daktari mzoefu huusoma utepe huo: ukipanuka, anaamuru spana ipunguze, ukitaka kutoweka, anaongeza.

Mfupa kwa kweli ndio mtiifu kuliko wote. Misuli ni mikaidi. Ya nyuma ya muundi hukataa kurefuka na huvuta kisigino juu, na ikiachiwa, mgonjwa atafika kwenye urefu alioahidiwa akiwa anatembea kwa vidole. Ndiyo maana mtaalamu wa mazoezi huwa mkali, na wayo hufungwa kwenye kibao usiku. Paja ni gumu zaidi, kwa sababu misuli yake hukaza goti na inaweza hata kulitoa mahali pake. Kwa hiyo mfupa hauvutwi kwa mara moja zaidi ya sentimita tano hadi nane hivi, au sehemu moja ya tano ya urefu wake. Anayetaka zaidi hupumzishwa, akarudi miaka ijayo.

Nyumbani kazi inakuwa ya kila siku na haina mtu wa kuipigia makofi. Kila mahali waya unapoingia ni kidonda kidogo kinachotakiwa kusafishwa, na maji ya Kitui hayaji kwa bomba kila siku. Huchotwa kwenye kisima cha chumvi au huchimbwa kwenye mchanga wa mto mkavu. Lazima yachemshwe, yapoe, yatiwe chumvi, na shashi iwe safi. Karibu kila mwenye fremu hupata wekundu au usaha kidogo kwenye waya mmoja au mwingine, na nesi mwenye busara humwambia hivyo mapema ili asitishike wala asipuuze. Suruali hukatwa na kuwekwa vifungo pembeni. Choo cha shimo huhitaji kiti. Ndengu, kunde na maziwa viwepo. Sigara kwa mtu mzima ni marufuku, kwa kuwa huchelewesha mfupa waziwazi. Na akanyage. Hili huwashangaza wazee: fremu ya pete imeundwa ili mtu autembelee mguu wake ungali umekatika, maana uzito ndio unaouambia mfupa mpya ukomae.

Wenye mfupa uliooza au uliopotea barabarani hupewa kazi ya ajabu zaidi. Mfupa mfu hukatwa wote na kutupwa, mguu hubaki na pengo, sema sentimita sita. Kisha mfupa mzima hukatwa mbali na pengo, karibu na goti, na kipande hicho huteremshwa ndani ya mguu milimita moja kwa siku. Nyuma yake kinaacha mfupa mpya. Mbele yake pengo linafungwa. Kikifika, mara nyingi sehemu ya kukutania huhitaji kusafishwa na kuongezewa vibanzi vya mfupa wa nyonga ili ishikane. Nimeona picha nyingi za eksirei za safari hiyo zikiwa zimepangwa kwa tarehe, na sijachoka kuzitazama.

Matokeo? Urefu uliokusudiwa hupatikana kwa wengi. Njiani, karibu kila mtu hupata taabu fulani, na aliyeandika hilo kwa uwazi ni Dror Paley mwaka 1990, alipozigawa taabu hizo katika mafungu matatu: zile zinazotibiwa bila kisu, zile zinazohitaji kisu lakini huisha, na zile zinazobaki na mgonjwa. Tangu hapo daktari mkweli hahesabu sentimita peke yake. Hutazama kama goti linakunjika, kama wayo unalala chini, kama mguu umenyooka.

Ukweli huo ndio unaomfanya bingwa wa kurefusha akatae wengi wanaomjia. Tofauti ya chini ya sentimita mbili hutibiwa na fundi viatu. Mtoto anayeendelea kukua mwenye tofauti ya kati ya mbili na tano anaweza kuzuiwa ukuaji wa ule mguu mrefu kwa upasuaji mdogo, ili mfupi uufikie. Wazazi hawapendi kusikia hivyo, kwa sababu mguu mzima ndio unaoguswa, lakini mara nyingi ndilo shauri bora. Kuna pia vyuma vya sumaku vinavyoingizwa ndani ya mfupa na kuvutwa kwa mashine ya nje. Precice iliingia sokoni mwaka 2011, ni nzuri na ni ghali, na ndugu yake Stryde, aliyesifiwa kwa kubeba uzito wa mwili, aliondolewa mwaka 2021 baada ya kuonekana madhara kwenye mifupa iliyomzunguka. Wanaolipia haya yote ili waongeze kimo tu wana miguu miwili iliyo sawa tayari. Sina mengi ya kusema juu yao.

Fremu hutolewa lini, hapo ndipo mgonjwa na daktari hukosana. Kwa mtoto ni kama mwezi mmoja kwa kila sentimita iliyoongezwa, kwa mtu mzima zaidi. Sentimita tano basi ni miezi mitano au zaidi, na sehemu kubwa ya muda huo mguu hauvutwi, mgonjwa anasubiri tu. Daktari huchukua eksirei ya mbele na ya pembeni na kuhesabu kuta za mfupa mpya: mbili katika kila picha, nne kwa jumla. Tatu zikiwa zimekomaa, fito hulegezwa kwanza, mtu akatembea hivyo kwa muda, na asipopata maumivu wala mguu kupinda, nyaya hukatwa. Zikihesabiwa mbili, haitolewi. Mfupa mchanga uliovuliwa fremu mapema hupinda au huvunjika, na kazi yote ikaanza upya. Mama ametoka Ikutha alfajiri, amekopa nauli, shuleni wameuliza mtoto atarudi lini, na daktari mzuri huzihesabu zile kuta mara ya pili, akaandika tarehe ya mwezi ujao.